Mstari wa Arobaini na Moja

Hapa Mafinga mti hauna siri:
mzizi chini, kilele ndani ya ukungu,
na mashine ya kupasua mbao inanguruma tangu alfajiri
kuukumbusha kila msindano mwisho wake.
Mti niliopewa niuoteshe mimi
unasimama kichwa chini, miguu juu:
mzizi kwenye kona ya juu ya kioo,
majani yakishuka kuelekea mezani.

Ponsiano Kihwele aliniletea faili kwenye flashi,
ameifunga kwenye leso kama dawa ya jino.
"Ukoo mzima umo. Jumamosi tuna kikao.
Shamba la babu kule Ihalimba limekomaa,
tunavuna, tunagawana.
Kila mtu alione tawi lake. Sitaki kelele."

Nikafungua. Safu tatu tu:
nambari, jina, nambari ya mzazi.
Ukoo ulivyo mkavu ukiandikwa!
Hakuna kikohozi cha Damiano,
hakuna miaka minane ya Auleria machimboni Chunya.
Koma, koma, mstari mwingine.

Nikaandika amri inayojiita yenyewe:
chukua mtu, mweke, tafuta wanawe;
kwa kila mwana anza upya, kana kwamba hukuwahi kuanza;
ukimkuta asiye na mwana, rudi,
rudi tena, rudi hadi kwa babu,
kama mtoto aliyetumwa chumvi nyumba kwa nyumba.

Saa tano usiku mti ukakubali.
Alama ya kujumlisha, ndogo kama chawa,
kando ya jina la Mzee Ngelime.
Nikabofya, wakatoka wana sita.
Nikambofya Gaudensia, wakatoka wanne;
nikamfunga, wakarudi tumboni bila kilio.
Nilicheza hivyo kitambo, sikatai,
chai ikipoa, baridi ya Juni ikinipanda magotini.

Kisha nikahesabu. Ni mazoea; baba alikuwa mpima mbao,
na magogo ya lori lazima yalingane na karatasi ya geti.
Faili: mistari arobaini na mmoja.
Kioo: watu arobaini.

Mstari wa mwisho kabisa:
41, koma, Filotea, koma,
halafu hakuna.
Kila mzazi aliulizwa wanawe,
hakuna aliyemtaja.
Wala halikuwaka kosa, wala neno jekundu.
Kioo kilikuwa kizuri bila yeye,
na hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nikampigia Ponsiano.
"Huyo aliletwa. Mama alirudi naye kutoka mnadani,
mgongoni, amelala. Hatukuuliza.
Ndiye aliyeipalilia ile misindano
miaka yote sisi tuko Dar."
"Mzazi niandike nani?"
"Acha wazi."
"Nikiacha wazi, haonekani."
Akasema "Najua." Au alisema "Ngoja."
Simu za usiku huku juu zina upepo.

Sikugusa faili. Faili si langu.
Nikaongeza mstari mmoja kwenye amri:
asiye na mzazi, mweke juu kabisa,
usawa mmoja na mzizi.

Jumamosi wakajazana mbele ya kioo,
makoti mazito, harufu ya utomvu na ulanzi.
Ngelime juu, na wake wote chini yake.
Kisha, pembeni kabisa, Filotea,
bila kistari cha kumfunga kwa mtu.
"Huyu vipi awe sawa na babu?" akauliza Damiano.
Nikasema mashine haijui kumweka kwingine.
Ilikuwa nusu ya kweli.

Yeye alikuwa mlangoni, viatu vya mvua,
panga bado mkononi, amepitia shambani.
Akainama, akasoma taratibu kwa kidole,
akafika kwenye jina lake, akapita,
akashuka mpaka mwisho wa kioo
kama anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.
Akanigeukia.

"Na miti yenyewe," akasema, "mmeiandika wapi?"