Fomu ya Madai

Kampuni ya gesi ilifika mtaani kwetu, Winnipeg ya kaskazini,
theluji ikiwa bado kijivu pembeni mwa uzio.
Ikachimba toka barabarani hadi ukutani,
ikafukia, ikaenda zake. Kibendera kimoja cha njano kimesahauliwa.

Mama hakulia. Alihesabu:
nyasi hatua kumi na nne, vigae sita vya njia,
mtofaa mmoja, mizizi imekatwa upande wa jua.

Miezi miwili ya simu, muziki uleule sikioni,
ndipo fomu ikaja. Ambatanisha picha ya kabla ya uharibifu.
Tulikuwa nayo moja tu, tukaituma yenyewe:
baba, Stefan Hnatiuk, kachuchumaa,
mche mkononi, kofia ya kiwandani kichwani,
anamcheka mpiga picha, ambaye ni mama.

Barua ikarudi na nakala.
Mti wameuzungushia duara jekundu,
baba wamemkata begani.
Kimebaki kiganja, kimeshika shina.
"Nyasi: tutalipa. Vigae: tutalipa.
Mti: ulikuwa mzee."

Mama akavaa miwani,
akaandika chini yake kwa herufi za shule:
"Mzee si mfu. Mmeukata ninyi.
Mimi niko nyumbani kila siku."

Hundi ya pili iliingia Septemba, dola mia tatu na themanini.
Akasoma tarakimu mara mbili,
akaikunja, akanyanyua simu tena.

"Sasa unadai nini?" nikamuuliza.
"Picha," akasema. "Wanirudishie nzima."