Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Bila tetri kumi haikupandishi;
zinabaki ngazi, na mimi nakaa ghorofa ya tisa.
Machi ile, Tbilisi ilipopigwa komeo,
nilihesabu sarafu kama ninavyohesabu yuniti:
nane asubuhi, kumi na mbili usiku,
na ya akiba mfukoni, likitokea la kutokea.

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha jiografia.
Naijua ramani ya vidole vyangu kuliko ya Kaukazi:
cha shahada kimeota sugu,
cha pete bado hutoa damu bila ubishi.

"Eti mwalimu," Otari aliniuliza toka ng'ambo ya mlango,
"hicho kirusi kweli kinawapenda wenye sukari?"
Hata sisimizi wanatupenda, Otari.

Lakini usiku msomaji wa habari alipotaja waliokufa
aliongeza taratibu, kama anayewafunika shuka walio wazima:
"Alikuwa na maradhi mengine."

Maradhi mengine ni mimi.
Yana jina, Tsiala.
Yamevaa sweta ya marehemu mumewe,
yanamwagilia ua kwenye kopo la rangi,
yanadaiwa bili ya gesi.

Luka, mwana wa Otari, ndiye aliyeniletea insulini
ndani ya chupa ya chai iliyosuuzwa, barafu chini yake.
Huiweka mlangoni, hugonga mara tatu, hurudi nyuma.
Nami humsukumia sarafu chini ya mlango,
mtoto asipande kwa miguu.

Novemba homa iliingia bila hodi.
Sikula kitu, sukari ikapanda;
yenyewe ilipata wapi sarafu, sijui.
Daktari Eteri simuni, sauti imechakaa:
"Usiache sindano eti kwa kuwa huli.
Pima kila saa nne. Kunywa maji. Pumzi ikikata, piga."
Saa tisa usiku: mia tatu na kumi na nne.
Saa moja asubuhi: mia mbili na tisini.
Niliandika kwenye daftari la mahudhurio la zamani,
namba zikikaa palipokuwa pa watoto.

Siku ya tano nilifungua muraba wa jozi mbichi,
ule ninaowapikia wageni bila kulamba mwiko.
Kijiko kimoja tu, nijue kama ulimi ungali hai.
Hakuna kitu. Kama kulamba kioo cha dirisha.
Ulimi ukakana, damu ikakiri:
namba ikaruka kwenye kipimo.
Nilicheka mpaka kikohozi kikanikaba.
Miaka ishirini najizuia,
na siku niliyoiba
nimeiba utamu usio na utamu.

Kila asubuhi, hodi tatu.
Kila asubuhi nilitambaa hadi mlangoni
na sarafu yangu: nipo.

Nilipofungua, miguu uji mtupu,
zilikuwa juu ya boksi la mita ya umeme,
zimepangwa mnara. Kumi na nne.
Hata moja haikuliwa na lifti.

Ualimu haustaafu. Nilipiga hesabu palepale, nimeshika ukuta:
ghorofa tisa, mara kumi na nne,
mtoto kapanda Mtatsminda, kutoka mtoni hadi kileleni,
na barakoa usoni.

Kisha nikanawa mikono, nikatafuta kidole.
Saa ya kupima ilikuwa imefika.