Kikoa

Hodi ya kwanza niliipiga baada ya chai,
chembe za mkate wa ajemi bado vidoleni.
Kompyuta ya mama, ya mtumba, herufi Z imeng'oka.
Nikaiandikia jina la kikoa alilolibuni Mhando
kabla hajaenda Mtwara kufunga mitambo ya watu:
barabara16.nyumbani.
Ikafikiri. Ikazungusha kile kiduara chake.
Kisha: kikoa hakikupatikana.

"Kikoa gani?" mama akauliza kutoka uani, akikuna nazi.
"Kikoa tulikula sisi,
mimi na Mwanamkasi na wake za mafundi wa reli,
Ngamiani hii hii, leo kwangu, kesho kwake,
na aliyeikimbia zamu tulimjua."

Nikamwambia hiki ni kingine.
Seva iko stoo, juu ya pipa la unga,
imevishwa khanga isiingie masizi,
nayo ndiyo inayojua nani ni wa humu,
nani afungue daftari la machungwa ya Muheza,
nani achapishe, nani aishie barazani.

Hodi ya pili.
Nikaufuata waya kwa kidole, mkeka hadi mlango,
mlango hadi stoo. Mzima.
Taa za kijani zinakonyeza kama hakuna lililoharibika.
Nikaiita seva kwa namba zake, ikaitika.
Nikaiita kwa jina, kimya.
Hapo nikaelewa: mashine ilikuwa ikiuliza njia
kwa kile kisanduku cha kampuni ya simu,
ambacho kinaijua dunia nzima
lakini stoo yetu hakijawahi kuisikia.
Mgeni haulizwi choo kiko wapi.
Nikafuta namba zake, nikaandika za seva.

Hodi ya tatu. Kikoa kikapatikana!
Kikaniomba jina, kikaniomba neno la siri,
nikakipa yote mawili, kikakataa.
Nikaandika tena, herufi moja moja,
kama ninamtajia kiziwi.
Kikakataa.
Nimelelewa hivi: hodi tatu, ukikosa karibu, geuka.
Sikugeuka.

Nikampigia Mhando. Nyuma yake keekee inalia.
"Saa ngapi hapo?"
"Saa nne na robo. Kwani Mtwara mna saa nyingine?"
"Sikuulizi wewe. Iulize mashine."

Pembeni, chini, kwa tarakimu ndogo kama dagaa: 4:17.
Na stoo, kwenye seva: 10:17.

"Mama, umeigusa saa hii?"
"Niliirekebisha," akasema, mbuzi haijanyamaza.
"Ilikuwa inasema saa kumi
na mimi hata maharage sijayabandika.
Kitu cha mtumba lazima ukifundishe."

Mlinzi wa seva huitazama saa yako
kabla hajaitazama sura.
Dakika tano anakusamehe. Saa sita hawezi.
Kwake, mama alikuwa mtu anayebisha saa za daku
na kuapa kwamba ni mchana.

"Basi iambie ya stoo ibadilike," akasema,
"ndiyo inayokaa bure."
Na kwa kitambo nikaona ana haki:
jua linatoka, tunaanza kuhesabu,
saa moja, saa mbili, mtoto hahitaji kuelezwa,
nami hapa naisogeza asubuhi nzima
kwa ajili ya sanduku lililovaa khanga.

Nikaisogeza. 10:24.
Nikakata plasta ya kidonda, nikaibandika chini ya kioo,
nikaandika kwa kalamu ya wino: TOA SITA.
(Alfajiri, ongeza. Hilo halikuenea.)

Hodi ya ngapi, sikuhesabu tena.
Karibu kwenye kikoa, ikaandika.

Mama akaja, mikono ina machicha,
akasoma polepole, midomo ikitembea,
akatazama stoo, akanitazama mimi.
"Haya. Zamu ya nani kupika?"