Nyuki wa Ibra

Juzi usiku Mbwana wa Wete alinambia,
"Sauti yako yafika, Harithi, lakini yafika na mzinga.
Kila ukifungua mdomo, nyuki wanatangulia."
Nikaachia kitufe, nikasikiliza chumba changu.
Kimya. Nyuki hawa huwasikia aliye mbali tu.

Asubuhi nikaanza msako.
Ibra, mwezi wa nane, saa nne kasoro,
ukuta wa nje haugusiki.
Mshukiwa wa kwanza, kiyoyozi: nikakizima.
Ghaniya akatoka chumbani na upepeo mkononi,
hakusema kitu, na hilo ndilo lililonitia hofu.
Nikazima friji. Nikazima taa. Nikachomoa chaja ya mjukuu.
Redio ya pili nikaiweka iisikilize ya kwanza,
nikavaa vya masikioni, nikasema, "Moja, mbili, moja,"
na chini ya moja, na chini ya mbili,
mmmmmmm,
nene, haina pumzi,
mara hamsini kwa sekunde, wala haichoki.

Nikafungua betri ya gari,
nikaifunga redio kwayo, nikasema tena.
Safi kama kaure!
Basi si shetani, ni umeme wa ukutani.
Lakini umeme wa ukutani ni wa mji mzima,
hauingii kwa mtu asiyeacha upenyo.

Nikaishika maikrofoni kwa kiganja kizima, shingoni pake pa chuma:
mvumo ukanywea.
Nikaiachia: ukafura.
Hapo nikacheka peke yangu.
Miaka thelathini nimetengeneza simu za watu wa Sharkiya,
na mwizi wangu nimemkumbatia kila usiku.
Kikulacho.

Plagi ina pini nane na skrubu ndogo kama chawa.
Ndani, ule wavu wa shaba unaouvika waya,
joho lake dhidi ya uchafu wa hewani,
umekatika wote, umebaki uzi mmoja
ukishikilia kwa adabu tu.
Nikalehemu. Moshi ukanipanda puani.
"Unachoma nini humo," Ghaniya akauliza, "udi wa mashetani?"
Nikajaribu. Nusu ya nyuki walihama.
Nusu wakabaki.

Nikatoka uani, kwenye nondo ya shaba
niliyoipigilia mwaka aliozaliwa Zuhura.
Ndiyo njia ya kushukia takataka zote za umeme
zikalale ardhini.
Lakini ardhi gani? Changarawe, kavu kama bisi.
Umeme ulishuka, ukabisha hodi,
hakuna aliyefungua.
Kwetu kule walisema udongo uwahi ungali maji;
huku uyawahi kwanza maji yenyewe.
Nikamimina ndoo ya falaji. Na ya pili.
Ardhi ikanywa kwa sauti, kama mfungaji wakati wa magharibi.
Mvumo ukaenda zake bila kuaga.

Lakini ndoo si dawa ya kila siku,
na goti langu la kushoto lina maoni yake.
Nikainua macho: kiyoyozi, kimewashwa tena
kwa amri ya mwenye nyumba, yaani si mimi,
kinadondosha tone, halafu tone, juu ya saruji, bure.
Nikakata kipande cha mpira, nikauelekeza kwenye nondo.
Mshitakiwa akawa mnyweshaji.

Usiku nikabonyeza kitufe.
"Mbwana, wanisikia?"
"Nakusikia. Nasikia hata saa yako ya ukutani.
Nasikia na mtu nyuma yako, mwanamke.
Asema, ngoja,
asema nikwambie kama mdoriani wa Bi Shinuna
ungali umesimama pale Mtemani."

Nikageuka. Ghaniya yuko mlangoni na upepeo wake.
"Nauliza," akasema, "tangu mwaka juzi."