Kifaa Namba Saba

Bi Somoe alileta sanduku mgongoni mwa punda,
akaliegesha kwenye kizingiti cha maktaba, akasema:
Haya ni ya marehemu. Mimi sisomi uongo.

Madaftari ishirini na matatu ya shule,
jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma,
na ndani, kwa wino wa buluu uliovuja,
Lamu ya mwaka elfu mbili na kumi.

Lali Shekuwe alikuwa fundi redio Langoni.
Nilimjua kwa vidole vyake vilivyoungua lehemu
na kwa tabia yake ya kukurudishia redio nzima, inaimba,
na skrubu moja imebaki.
Hatukujua kwamba usiku
skrubu ile iliyobaki alikuwa akiipeleka mwezini.

Nimeyapangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea.
Nimetia karafuu kwenye pembe za kabati,
maana chumvi ya hapa haibishi hodi.
Mchwa nao hawana adabu ya tarehe:
wamekula 2046 yote,
wakaacha 2047 ianze katikati ya sentensi,
"...ndipo wakakubaliana kuirudisha bahari."
Nani aliiazima? Kwa rehani gani?
Nimeandika kwenye fomu: kurasa kumi na moja hazipo.
Fomu haina mahali pa kuandika: natamani.

Daftari la tisa lote ni utenzi:

    Mwaka elfu mbili kumi
    mashine zina ulimi
    zinanena kama mimi
    na mwezi tumehamiya.

    Lakini maji mwezini
    twachota kisima gani?
    Atawadhaye ni nani?
    Vumbi tukilitumiya.

Hapo niliketi sakafuni.
Wengine wakiuwaza mwezi huwaza bendera.
Yeye aliwaza udhu.

Bwana Kirimi, mkaguzi, alikuja kutoka makao makuu,
viatu vimejaa mchanga, kalamu mbili kifuani.
"Haya yaende rafu gani? Historia si historia.
Sayansi si sayansi. Na huo mwaka umeshapita, mama.
Hakuna aliyehamia mwezini."
Nikamwambia: Hiyo simu yako si imenena sasa hivi,
ikakuelekeza njia ya kuja hapa?
Akagusa mfuko.
Nikaongeza, sikuweza kujizuia:
na ikakupoteza, ukatokea kwa wachinjaji.

Nimeyapa rafu yao, baina ya tiba na safari.
Lebo nimeiandika kwa mkono,
mara ya tatu ndiyo ikakaa sawa:
KESHO, ZA ZAMANI.

Twalib wa darasa la sita huja kila Jumatano.
Husoma akitikisa mguu, akitafuta makosa.
Amefikisha arobaini na moja.
Lali aliandika kwamba punda watakuwepo bado,
wakibeba matofali, na hilo si kosa,
lakini Twalib kaliweka upande wa makosa.
Anasema yeye angewapumzisha.

Katika daftari la mwisho kuna mchoro:
pedali ya cherehani, taa nne za redio kuukuu,
kifuniko cha sufuria kimeelekezwa juu.
Kisikizi cha Kesho, ameandika. Kimekamilika. Kiko uani.

Nikaenda. Nilibeba shuka la kukifunikia
na barua yenye muhuri.
Bi Somoe alikuwa akichambua mchele,
hakuinua kichwa. Akaashiria kwa kidevu.
Kipo, kweli. Pedali ina kutu,
taa moja imepasuka, na ndani ya kifuniko,
juu ya nyuzi za shaba alizozisuka kama kiota,
kuku mwekundu, ananitazama kwa jicho moja.

Kalalia, akasema Bi Somoe. Rudi baada ya wiki tatu.
Halafu, akiutupa mchanga wa mchele:
Kila mwaka hukataa kwengine kote. Hukitaka hicho tu.

Nikainamisha sikio.
Nikasikia, au nilitaka kusikia,
kitu kikigonga ukuta wake kutoka ndani.

Nimejaza fomu pale pale, juu ya goti.
Kifaa namba saba. Kisikizi cha kesho.
Mahali: kwa mwenyewe.
Hali: kinatumika.