Faini

Kwetu Muheza faini ina sura moja:
karani wa baraza, daftari lililolowa jasho la kwapa,
mbuzi wako kala mahindi ya mtu,
elfu kumi, weka hapa, tia dole, nenda zako.
Sijapata kuona mtu akiitamka
huku anatabasamu.

Nikaja Maskati kuendesha gari la Bi Thuraya.
Siku ya kwanza nikamchukua Shamsa shuleni,
miaka saba, mkoba umemshinda uzito.
Habari za shule?
"Faini," akasema, macho dirishani.
Nikakanyaga breki pale pale Ghubra,
magari yakatupigia honi kama tumeiba.
Nani kakutoza? Umevunja nini?
Alicheka hata maji ya chupa yakamwagika kitini.

Kumbe neno hili kwao lina watoto tele.
Sisi tulimpokea mmoja tu bandarini,
yule aliyeshuka na stakabadhi mkononi,
tukadhani ndiye ukoo mzima.

Basi akajipa kazi ya ualimu, kiti cha nyuma.
Redio ikitangaza hewa safi, nyuzi arobaini na nne,
hiyo faini.
Vumbi linalopenya dirisha lililofungwa,
likalala juu ya usukani laini kuliko sembe,
hilo nalo faini.
Unywele wa mama yake uliobaki kwenye kichana,
aliuinua juani nikauona kwa shida:
"Huu pia, Shekue. Andika."
Nilikuwa siandiki. Nilikuwa natafuta maegesho.

Sokoni Matrah, Bi Thuraya akipima mkufu,
mwenye duka, Kirtilal, alinigeuzia kipande cha dhahabu
kikubwa kama ukucha wa dole gumba.
Nyuma kimepigwa muhuri, tisa tatu, na neno lile lile.
Maana yake, alisema, haina taka hata chembe.
Nikawaza: imetiwa motoni, ikachujwa, ikatiwa tena.
Ikiwa hivyo, nayo imelipa.

Usiku nikautoa mkataba wangu chini ya godoro.
Mistari ya mwisho, herufi kama utitiri wa kuku,
Shamsa alikwisha niambia zinaitwaje.
Humo ndimo ilimokaa tiketi yangu:
nikirudi kabla ya miaka miwili, nauli juu yangu.
Niliitia sahihi Tanga, taa ikiwa hafifu,
na mwenye kalamu ana haraka.

Kisha kamera ya barabara kuu ikanimulika.
Ujumbe ukaingia simuni kabla sijafika nyumbani.
"Hiyo unaijua," Shamsa akasema.
Naijua. Hiyo ni ya kwetu.
Nilikaribia kuiamkia.

Ila kuna moja hakunifundisha kwa hiari.
Jioni, Bi Thuraya sebuleni, mume yuko Duqm, simu sikioni,
Kiswahili chake cha Mlandege kinapanda na kushuka,
mara akakiacha katikati,
akasema neno moja, akakata.
Faini.
Mlango wa chumba ukafuata.
Shamsa alikuwa ngazini na soksi mguu mmoja.
"Hii hawafundishi," akasema.

Kesho yake nilimuuliza kama kawaida.
Akajibu kama kawaida.
Niliendesha polepole hadi langoni,
sikumuuliza ni ipi.

Ijumaa mama akapiga, kuku wake wanasikika.
Hujambo, mwanangu? Uko je huko?
Likanitoka bila kuniomba ruhusa:
Faini, mama.
Akanyamaza. Halafu, kwa sauti ya chini,
kama kuna mgeni ukumbini:
"Kiasi gani? Niuze michungwa ile ya bondeni?"

Hapana, mama. Huku maana yake ni mzima.

Akafikiri. Nilimsikia akifikiri.
"Kama ni mzima," akasema,
"sauti mbona ya mtu anayelipa?"