Mshenga wa Jumatano

Mama alikuwa mshenga, Ilala nzima ilimjua:
alibeba barua za posa zimefungwa kwenye leso,
akarudi na majibu mdomoni, hakudondosha neno.
Mimi nimerithi miguu yake tu.
Naunganisha watu, lakini siozeshi.

Chumba ni cha nyuma, kwa fundi Chande, Magomeni Mapipa.
Cherehani ikinyamaza najua anakata uzi,
au anasikiliza.
Chande, namwambia, wewe shona.

Daftari langu lina kurasa mbili zinazotazamana.
Kulia ni wenye saa moja ya kujitolea:
Bi Nsajigwa, muuguzi mstaafu;
Eliakunda, anayelipwa vizuri Masaki siku nne,
ya tano anakuja huku, mvua ikinyesha viatu mkononi;
na kijana Fikirini, cheti chake hakijakauka wino.

Kushoto ni wenye mzigo. Hao huja kwa kujificha.
"Namuulizia rafiki yangu."
(Rafiki ana namba ya simu ileile.)
"Asiwe wa Tandika, Tandika nina shemeji."
"Asiwe wa kuniombea tu, nimeshaombewa sana."
"Dada, mimi si mwendawazimu, usinipeleke Mirembe,
ni usingizi tu umenihama
tangu Februari."

Bei? Kadiri mkono unavyofika.
Mmoja alileta elfu mbili, ameikunja mpaka imekuwa kidonge.
Mwingine alilipa pilipili mbuzi,
Eliakunda akazipokea kwa mikono miwili.

Nimekosea pia.
Bi Sikudhani, aliyezika mume na duka mwezi mmoja,
nikamkabidhi kwa Fikirini.
Akatoka anasonya: "Ndevu hana, ujane ataujulia wapi?"
Nikalifuta jina mpaka karatasi ikatoboka.
Jumatano iliyofuata nikamkuta keshakaa kwenye benchi,
mimi hata funguo sijatoa.
"Yule mtoto," akasema, huku anatazama ukuta,
"hakuniambia nijikaze. Hata mara moja."

Jina moja lilikaa kushoto wiki sita bila mwenzake:
Kibwana, mlinzi wa usiku, Mikocheni.
Mchana analala, au anajaribu.
Nafasi yake ni alfajiri, saa kumi na moja na nusu,
kabla hajakabidhi lindo.
Nani atakusikiliza saa hiyo, Kibwana?
Nilipiga simu ukurasa mzima wa kulia,
nikajibiwa kwa upole, nikajibiwa kwa miayo.
Mwisho Bi Nsajigwa akacheka:
"Mwanangu, miaka thelathini ya zamu za usiku,
unadhani mwili wangu umejua kustaafu?
Saa hiyo mimi nipo na chai yangu, naongea na redio."

Nikampigia Kibwana. Nimepata mtu, nikamwambia.
Mama mtu mzima. Haongei sana.
Kimya.
Nikasikia geti linavutwa, gari la tajiri likatoka,
geti likarudishwa, komeo.
"Rudia," akasema.
"Rudia jina lake."